Vijana wangu, acheni kuuza nanomita

Juzi nilikuwa nyuma ya pazia la duka nabadilisha feni ya laptopu, nikamsikia kijana wetu mmoja akimhudumia mama aliyekuja kumtafutia binti yake kompyuta. Binti anaanza mwaka wa kwanza, usanifu majengo. Mezani zilikuwapo mashine mbili, moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, Core i5-1135G7, nyingine ya AMD, Ryzen 3 7320U. Kijana akasema kwa uhakika wote: "Mama, hii ya Intel ni nanomita 10, hii ya AMD ni nanomita 6. Namba ikishuka ndiyo teknolojia mpya. Chukua hii." Mama akaanza kufungua pochi.

Nikatoka na bisibisi mkononi. Sikumsahihisha mbele ya mteja, nilimwomba tu mama atupe nafasi hadi Jumamosi tumpimie vizuri. Mama akakubali, kijana akanuna. Namwelewa, amesoma, anafuatilia habari za prosesa kuliko wengi wenu. Ila ile sentensi yake niliwahi kuisema mimi, kwa namna yangu, mwaka 2018, na hadi leo nikiikumbuka tumbo linakaza. Kwa hiyo haya ni kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mlioanza kushika bisibisi mwaka huu.

1. Nanomita ni jina la mtambo wa kutengenezea. Nanomita yenyewe ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na zamani namba ile ilikaribiana na kipimo halisi ndani ya transista, zile swichi ndogo za umeme zinazojaza chipu. Tangu miaka ya 1990 uhusiano huo ulianza kulegea, na Intel ilipoleta transista zilizosimama wima kama pezi la samaki, kwenye nanomita 22 ya Ivy Bridge mwaka 2012, kipimo kimoja hakikutosha tena kueleza kitu chenye kimo, upana na kina. Chukueni nanomita 10 ya Intel: kutoka geti moja (mlango wa transista) hadi jirani yake ni nanomita 54. Wenyewe walitangaza kwamba wanapanga transista takriban milioni 100 kwenye milimita moja ya mraba, na hapo wako jirani kabisa na nanomita 7 ya TSMC, watengenezaji chipu wa Taiwan. Julai 2021 bosi wao wa wakati huo, Pat Gelsinger, akaubatiza upya mtambo uliokuwa unaitwa 10 Enhanced SuperFin, ukawa Intel 7. Mtoto ni yule yule, kabadilishiwa jina ili asionekane mdogo mbele ya watoto wa jirani. Mkimwambia mteja "10 dhidi ya 6" mnalinganisha majina ya koo mbili.

2. Jueni nani anapika. Hapa naomba mtulie, maana ndipo penye utamu, na ndipo ninyi mnaparuka mbio kukimbilia bei.

AMD haina kiwanda chake. Ilikuwa navyo, ikavitenga mwaka 2009 kwa fedha kutoka Abu Dhabi, vikawa GlobalFoundries. Ryzen za kwanza, Machi 2017, zilipikwa huko kwa nanomita 14. Agosti 2018 GlobalFoundries ikatangaza kuachana na mbio za nanomita 7, na AMD ikaegemea TSMC ya Taiwan, kampuni aliyoianzisha Morris Chang mwaka 1987 kwa wazo la kuwatengenezea wengine chipu bila kushindana nao. Tarehe 7 Julai 2019 Ryzen 3000 zikatoka zikiwa na nanomita 7. Siku ya saba, mwezi wa saba, nanomita saba.

Intel yenyewe ilikuwa imekwama, na kukwama kwake ni somo zuri kuliko ushindi wa mwenzake. Kwa nanomita 10 walitaka kubana transista mara 2.7 zaidi ya kwenye nanomita 14, kwa kutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Mfikirieni mchoraji wa hina aliyepewa kijiti kinene akaambiwa achore maua membamba kama nywele: anachora, anafunika sehemu, anachora tena pembeni, anafunika tena. Kila mara mkono ukitikisika kidogo, ua zima limeharibika. Ndivyo walivyofanya kwenye silikoni, tena wakaongezea metali mpya ya kobalti humo humo. Chipu nzima nzima zilizotoka zilikuwa chache mno. Mwaka 2018 walichoweza kutoa ni Core i3-8121U, viini viwili (sehemu mbili za kufanyia kazi ndani ya prosesa), na sehemu yake ya michoro imezimwa.

Kijiti chembamba kipo siku hizi, kinatengenezwa na ASML ya Uholanzi peke yake. Mashine zao hudondosha matone madogo ya bati lililoyeyuka, leza inayapiga mara 50,000 kwa sekunde, na kila tone likilipuka linatoa mwanga wa nanomita 13.5. Mwanga huo unamezwa hata na hewa, kwa hiyo kazi yote hufanyika ndani ya ombwe, kwa vioo badala ya lenzi. Nikiwaza kwamba kitu hicho ndicho kimezaa laptopu ambayo mtu anaiacha chini ya dawati ipigwe mateke, naishika kwa adabu zaidi.

Sasa, Intel ikiwa imekwama hivyo na Ryzen za viini 8 ziko sokoni, ingefanya nini? Iliongeza viini kwenye nanomita 14 ile ile. Ndiyo maana i5-7200U ina viini 2 na i5-8250U ina viini 4, na zote mbili ni nanomita 14. Kwa miaka mingi i5 ya laptopu nyembamba ilikuwa viini viwili, Ryzen ilipobisha hodi vikawa vinne. Anayeuza mtumba wa Dubai bila kujua hili anauza kizazi cha 7 na cha 8 kama vile ni dada pacha.

3. Prosesa ikiingia kwenye soketi (tundu lake kwenye bodi) haina maana imekubali.

Mwishoni mwa 2018 nilipata kazi kwenye chuo kimoja, nje kidogo ya mji. Maabara ya kompyuta 20 za mezani, mazabodi (bodi kuu) za aina ya H110, prosesa i3-6100, viini viwili. Mkuu wa chuo aliniuliza afanye nini mashine ziwe nyepesi bila kununua mpya. Nikamwambia tubadilishe prosesa tu. Nilikuwa nimeiona i3-8100: viini vinne kamili, bei ya i3. Soketi yake LGA 1151, na soketi ya H110 ni LGA 1151. Zote nanomita 14. Nikamwambia, "Mwalimu, teknolojia ni ile ile ya nanomita 14, tundu ni lile lile, ni kuchomoa na kuchomeka." Sikufungua ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi. Dakika tano tu zingetosha. Nilijiona nimeshajua, kwa sababu nilikuwa nimesoma sana kuhusu nanomita.

Niliagiza prosesa 20 kupitia mtu wa mizigo, zaidi ya milioni 5 za chuo, bila makubaliano ya kurudisha. Tukaingia maabara Ijumaa jioni, mimi na mwanafunzi wangu wa kazi, kijana wa miaka 19, mkimya, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Mashine ya kwanza nikaifungua mwenyewe. Prosesa ikakaa vizuri kwenye soketi, nikapaka pesti, nikafunga feni, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini nyeusi.

Nikabadilisha RAM. Nikachomoa betri ya mazabodi. Nikajaribu prosesa ya pili, ya tatu. Nikahamia mashine nyingine, kisha nyingine. Nikarudisha i3 ya zamani, nikaweka BIOS (programu ya bodi inayoiamsha mashine) mpya kabisa iliyokuwapo kwa bodi ile, nikarudisha i3-8100. Nyeusi. Saa saba usiku, kwa hasira na uchovu, niliichomoa prosesa kwa pupa, ikaniponyoka na kona yake ikatua juu ya soketi. Pini tatu zikalala. Niliziona kwa tochi ya simu, zimeinama kama mpunga uliopigwa na mvua.

Na hapo ndipo nilipofanya ninachokionea aibu. Asubuhi mkuu wa chuo alipokuja, akaikuta maabara imetapakaa, akauliza kimetokea nini. Nikasema, "Kijana ameinamisha pini, na mazabodi zenu zina hitilafu." Kijana alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai alivyokwenda kututafutia. Alinisikia. Hakusema neno. Aliweka chai mezani, akaanza kukunja nyaya.

Jumapili usiku ndipo nilipokaa na kusoma. Prosesa za kizazi cha 8 za mezani zinataka chipseti (chipu za mazabodi zinazoongoza mawasiliano yake) za mfululizo wa 300, na H110 ni ya mfululizo wa 100. Soketi ina umbo lile lile na idadi ile ile ya pini, ila baadhi ya pini zilizokuwa za akiba ziligeuzwa kuwa za umeme ili kulisha viini vilivyoongezwa. Viini vyenyewe viliongezwa kwa sababu mtambo mpya ulikuwa umekwama na mshindani alikuwa mlangoni. Vita vile vile nilivyokuwa navisimulia kijiweni kwa mbwembwe ndivyo vilivyokuwa vimelala kimya ndani ya soketi ya chuo, na sikuviona. Wapo mafundi walioonyesha kwamba ukichezea BIOS, i3-8100 huwaka hata kwenye bodi za zamani. Ni kweli. Ila huwezi kumkabidhi mwalimu kompyuta 20 zenye BIOS iliyochezewa, halafu ukaondoka.

Jumatatu nilirudi chuoni na yule kijana. Nikamwambia mkuu mbele yake kwamba kosa la prosesa ni langu, pini niliinamisha mimi, na nilimsingizia mwenzangu. Mkuu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Fundi, wanafunzi wana mtihani wa vitendo Alhamisi. Rudisha zile za zamani." Tulirudisha zote, na bodi iliyoumia nikainunulia nyingine. Fedha za chuo nililipa kwa miezi saba, zikiwemo nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kiwanja. Prosesa niliuza moja moja. Kijana aliendelea kufanya kazi na mimi miaka miwili zaidi, leo ana duka lake. Tukikutana huniita kaka, na mimi humwangalia machoni kwa sababu niliwahi kumwomba radhi mapema. Ningechelewa wiki moja tu, sidhani kama ningeweza.

Kwa hiyo mkiharibu, na mtaharibu, semeni siku hiyo hiyo. Nitakasirika, nitapiga kelele, kisha tutatafuta pini.

4. Upande wa AMD nako kuna mtego wake. Soketi ya AM4 ilidumu vizazi vingi, lakini Ryzen 3000 kwenye bodi ya B450 yenye BIOS ya zamani itakupa skrini nyeusi ile ile. Ulizeni toleo la BIOS kabla ya kuuza prosesa.

5. Kwenye Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, someni tarakimu ya tatu, inataja Zen, yaani muundo wa viini vya AMD. 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Ile 7320U iliyotoka 2022 ina viini vya muundo wa 2019 vilivyopikwa kwa nanomita 6. Sufuria jipya, mapishi ya zamani. Ni prosesa nzuri tu kwa barua, mitandao na betri ya kukaa nayo, sina ugomvi nayo.

6. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache. Msimuuzie mtu 7200U bila kumwambia hilo kwa mdomo wenu.

7. Safisheni feni kabla ya kulaumu prosesa. Nimeona i7 iliyojaa vumbi ikipitwa na i3 safi, na mteja alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine anunue mashine mpya.

Tukirudi kwa yule mama. Binti atachora majengo, kwa hiyo mnachotakiwa kuangalia ni sehemu ya michoro na RAM. 7320U ina vitengo viwili tu vya michoro, na RAM yake imeunganishwa kwenye bodi, huwezi kuiongeza. 1135G7 ina sehemu ya michoro ya Intel iitwayo Xe, yenye nguvu zaidi, na mashine ile tuliyonayo ina nafasi ya RAM, nimeifungua mwenyewe nikaiona. Kijana, Jumamosi mama atakapokuja nataka azikute zote mbili zimewashwa, zina programu ile ile ya kuchorea na mchoro ule ule wa nyumba ya ghorofa mbili. Mpe binti kipanya auzungushe mchoro mwenyewe kwenye kila moja. Usitaje nanomita. Akishachagua, mwongezee mama RAM kwa bei ya kununulia, na chai nitaleta mimi.