Mazoezi ya tumbo kila siku yana faida? Inategemea unapiga yapi

Mkuu umeuliza kama ukipiga mazoezi ya tumbo kila siku utapata nguvu za kweli katikati ya mwili au unajichosha bure, na umesema ratiba yako ni sitapu 100 kila asubuhi ukishatoka tu kitandani. Kwa mtazamo wangu kila siku sio tatizo, tatizo ni hizo sitapu na hiyo asubuhi. Ngoja nieleze, manake mimi nanyanyua vyuma muda sasa na mgongo wa chini ulishanisumbua kiasi cha kuinama kufunga kamba za viatu ikawa shughuli, kwahiyo hiki kitu nimekifuatilia kwa shida zangu mwenyewe.

Kwanza tuelewane misuli gani tunaongelea. Wengi wakisikia tumbo wanawaza ule wa mbele tu unaotoa siksipaki, kumbe ule ni mmoja kati ya mingi. Kuna ya ubavuni, kuna uliopo ndani kabisa umezunguka kiuno, kuna midogo midogo nyuma inayoshikilia pingili za uti wa mgongo, juu kuna kiwambo unachopumulia, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, na makalio nayo yanasaidia. Kazi kubwa ya hao wote kwa pamoja sio kukunja mgongo, ni kuuzuia usikunjike na usijipinde ovyo wakati mikono na miguu inafanya kazi. Sitapu inakufundisha kukunja, basi.

Kuna jamaa nafanya nae mazoezi, tumbo limechongeka haswa, sitapu anapiga mpaka anayemhesabia anachoka yeye. Siku hiyo nikampa dambeli zito alishike mkono mmoja, nikamwambia tembea mpaka ukutani urudi, usipinde. Hatua chache tu bega la upande wenye chuma limeshuka, nyonga imetokeza upande wa pili, na anakaza meno. Nikamuwekea kiganja ubavuni upande ule usio na mzigo (ndo upande unaofanya kazi, watu hudhani ni ule uliobeba) panatetemeka vibaya mno. Yaani ule wa mbele ulikuwa na stamina ya kukunja, ila wa pembeni hajawahi kuupa kazi yoyote ya maana.

Sasa kuhusu kila siku. Msuli ukishazoea kitu unaacha kuongezeka nguvu, hizo 100 zako wiki za mwanzo zilikuuma, sa hivi unazimaliza huku unawaza mambo mengine, hapo unachojenga ni uvumilivu tu wa kupiga 100. Nguvu inataka mzigo uongezeke halafu msuli upewe muda wa kujijenga, na baada ya kazi nzito kweli unajijenga kwa kama siku 1 hadi 2. Kwahiyo mazoezi mazito, kama kutembea na chuma mkono mmoja, kuning'inia na kupandisha miguu, au lile gurudumu la kusukuma mbele ukiwa umepiga magoti, mara 2 au 3 kwa wiki yanatosha sana. Na kama unapiga skwati nzito na kunyanyua chuma kutoka chini basi sehemu ya kazi hiyo umeshaifanya bila kujua.

Mepesi ndo ya kila siku, na hapa nimnukuu mtu anayejua kuliko mimi. Profesa mstaafu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, amechunguza migongo ya watu kwa miongo kadhaa na ana mazoezi yake matatu ambayo kwa wenye mgongo unaosumbua anashauri yawe ya kila siku. La kwanza unalala chali, goti moja umekunja mguu mwingine umenyooka, viganja viwili chini ya kiuno pale penye uwazi, halafu unainua kichwa na mabega kidogo tu, kidogo kweli, kiuno kisilale juu ya viganja. La pili unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, ukishindwa miguu imenyooka anza na magoti. La tatu unakaa kwa viganja na magoti, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, halafu unabadilisha. Unashikilia kama sekunde 10 hivi, unaachia, unarudia, hakuna kujikomoa. Hilo la tatu linaonekana la kitoto mpaka mtu akuwekee chupa ya maji mgongoni uone inavyoanguka kila ukibadilisha mguu, mimi ilinichukua muda mpaka ikatulia.

Na ile asubuhi mkuu, iache. Usiku ukilala zile diski kati ya pingili zinanyonya maji zinavimba (ndo maana asubuhi una urefu kidogo kuliko jioni), kwahiyo ukijikunja kwa nguvu saa hiyo presha ndani ya diski inakuwa kubwa zaidi. Ipe kama saa moja, tembea tembea kwanza. Sisemi sitapu zitakuvunja, wapo wanaopiga maisha yao yote na hawana shida, ila kama lengo ni nguvu kuna njia yenye faida zaidi kwa gharama ndogo. Hata jeshi la nchi kavu la Marekani lililokuwa linapima askari kwa sitapu za dakika 2 kwa miaka mingi, kipimo chake cha 2022 kiliweka planki badala yake (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, kifudifudi, mwili umenyooka kama ubao).

Planki nayo watu wameigeuza mashindano ya muda. Rekodi ya dunia imeshapita saa 9, sasa huyo mwamba ana moyo wake, ila wewe ukifika dakika moja ukiwa umebana makalio na tumbo na bado unapumua vizuri, usiongeze dakika, ongeza ugumu: inua mguu mmoja, au sogeza viwiko mbele kidogo. Ukiona umeanza kubana pumzi au kiuno kinazama, seti imeisha hata kama saa haijafika.

Kuhusu kitambi, kuna mdau amesema sitapu zinakikata. Hapana. Mwaka 1984 watafiti Marekani waliwapigisha wanaume sitapu kwa siku 27, wakapima seli za mafuta tumboni, mgongoni na makalioni, mabadiliko yakawa yanafanana sehemu zote tatu. Kitambi ni suala la unachokula na mwili mzima kutumika.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningechukua hayo matatu kila siku jioni, hayafiki dakika 15, halafu siku 2 za mzito kwa wiki, na kila baada ya wiki kadhaa ujipime kwa kutembea na dambeli mkono mmoja mbele ya kioo uangalie mabega. Dada zangu mliojifungua karibuni, kama ukijiinua unaona tumbo linatokeza mstari katikati, sitapu na planki subirini kwanza mtaalamu wa viungo awaangalie. Na yeyote ambaye maumivu ya mgongo yanashuka mpaka mguuni au ana ganzi, hilo ni la daktari, mazoezi yatakusubiri.