Chakula cha hisani kimekula hela ya mfuko, mwakani tufanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi tuko Morogoro, miaka mitatu iliyopita tulimpoteza mtoto wa dada yetu, alikuwa na miaka 11, aliumwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Baada ya arobaini tukasema tusikae hivi hivi, tukaanzisha kamfuko kadogo kwa jina lake, tunawasaidia watoto wengine wa kliniki nauli, dawa, na masweta kipindi cha baridi. Miaka yote tulikuwa tunachanga wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huu tukasema tukue, tukaandaa chakula cha hisani ukumbini, kadi single 30,000 na double 50,000, tukaalika watu 150 wakaja sitini na kitu, wengine waliahidi mpaka leo kimya. Ukumbi, chakula, mapambo, MC na muziki vimekula 2,900,000 na tulichokusanya ni 2,650,000, yaani tumepoteza 250,000 ambayo ilikuwa ni ya masweta. Dada yetu analia, anasema jina la mwanae limeingia hasara. Mwakani tufanye nini, au tuache tu? – Mama Z., Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana, na dada mpe pole yangu kwa namna ya pekee. Msiache. Selimundu yenyewe haijaacha. Hapa Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka, ni moja ya nchi zenye watoto wengi kabisa wa ugonjwa huu duniani, na wazazi wengi hawajui kwamba baba na mama wakiwa wote wamebeba kile kinasaba, hata kama wenyewe hawaumwi, basi kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne mtoto azaliwe anaumwa. Kwa hiyo hako kamfuko mnakokaita kadogo kuna mtoto anakasubiri.

Sasa tuje kwenye ukumbi. Sisi watu wa huku ni wachangaji wazuri mno ila tunachanga kwa daftari. Harusi unachanga sababu jana ulichangiwa au kesho utachangiwa, msibani unatoa rambirambi sababu unajua zamu yako itafika. Mfuko wa kumbukumbu hauna zamu. Ukimpa mtu kadi ya single na double basi hiyo kadi inaenda kukaa foleni pamoja na kadi za harusi alizonazo mezani, na anajua vizuri nani atamnunia asipochanga, na sio nyie. Alafu ukumbi unataka hela yake hata watu wasipokuja, na mpishi hivyo hivyo, na mapambo ndo usiseme.

Ndo maana mimi nasema msianze na ukumbi, anzeni na kitu ambacho watu wangekifanya hata nyie msingekuwepo. Jumamosi asubuhi watu wanakimbia jogging na kumalizia na supu, hiyo ipo. Vijana wanacheza mpira, maveterani wanacheza na vitambi vyao, kina mama wana netiboli, hiyo ipo. Nyie mnaomba tu Jumamosi moja ya hao watu iwe ya huyo mtoto. Fanyeni bonanza. Timu nane, kila timu kiingilio 50,000, hapo una 400,000 mkononi wiki nzima kabla ya siku yenyewe, mbuzi wa mshindi unampata humo humo, marefa unawalipa nauli humo humo, turubai moja na spika za kukodi humo humo, na kabla hujauza hata bakuli moja la supu gharama zimeshalipwa. Timu isiyolipa mpaka Jumatano haiingii kwenye ratiba, hapo msioneane haya. Supu, chapati, juisi, mihogo ya kukaanga vipikwe na wanafamilia, na kila anayepika alete kitu kimoja bure kama mchango wake, mwingine mkaa, mwingine unga. Watoto wawekeeni kuvuta kamba, magunia na rede, wakija watoto wazazi wanakuja nyuma yao na wakikaa wananunua.

Tarehe msihangaike kutafuta. Siku ya selimundu duniani ni 19 Juni, na 14 Juni ni siku ya wachangia damu, kwa hiyo chukueni Jumamosi iliyo karibu na hizo. Masika yameisha, uwanja umekauka, shule zimefungwa kwa hiyo mwalimu mkuu hatasumbuka sana kuwapa kiwanja, na kubwa kuliko yote ndo baridi inaingia. Nyie mnajua kuliko mimi baridi inavyowafanya hawa watoto, zile seli zikishajikunja kama mundu zinaziba mishipa na mtoto analia mifupa usiku kucha. Bonanza likiisha Jumamosi, Jumatatu masweta yanunuliwe na chupa za maji za kubebea shuleni, sababu kukosa maji mwilini nako kunawaletea maumivu. Mtu aliyetoa 2,000 yake ya supu aione imekuwa sweta wiki hiyo hiyo.

Na damu. Watoto wa selimundu wengi wanaongezewa damu, kwa hiyo waandikieni watu wa Damu Salama, wale wa mpango wa taifa wa kukusanya damu, mapema, miezi miwili kabla, waje na vifaa vyao uwanjani. Anayechangia awe na miaka 18 mpaka 65, kilo kuanzia 50, mwanaume awe ametimiza miezi mitatu toka achangie mara ya mwisho na mwanamke miezi minne. Ila tafadhali wachezaji wasichangie siku hiyo, mtu akitoka kutoa damu anatakiwa apumzike na anywe maji ya kutosha, sio akimbizane na mpira juani. Watazamaji ndo wachangie. Kuna baba atakwambia hana hata mia ya kutoa, huyo anaweza kuwa ndo ametoa kikubwa kuliko wote siku hiyo.

Kitu kingine mnachokijua tayari kutoka kanisani, mnada. Jogoo mmoja. Mzee ananunua 20,000 anasema namrudisha, anauzwa tena 15,000, huyo naye anamrudisha, inaendelea hivyo hivyo, mwisho jogoo yule yule ameingiza 60,000 na bado anawika. Pale Morogoro mna ndizi, mna mananasi, mna mboga za Uluguru, ombeni kila familia ilete kitu kimoja cha shambani. Nimeshaona mnada wa nusu saa ukipita makusanyo ya kadi zote, na watu wanaondoka wanacheka. Msije mkafanya bahati nasibu ya kuuza tiketi bila kuuliza lakini, hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inataka kibali, mnada wa jogoo na bahati nasibu ni vitu viwili tofauti. Barua ya serikali ya mtaa muwe nayo, na kama mtapita barabarani na jogging basi polisi wapewe taarifa saa 48 kabla au zaidi.

Tisheti zenye jina zinapendeza ila tengenezeni za waliolipa tu. Ukitengeneza mia kwa matumaini utabaki na sitini kabatini na kila ukizifungua moyo unauma.

Sasa la mwisho kwako na hili ndo nalishikilia zaidi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa mfuko wa marehemu kaka yangu miaka kadhaa. Mwaka wa tatu, getini tu kwenye bonanza letu, mama mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, za mwaka jana zilisaidia nini? Na hela zilikuwa zimefanya kazi vizuri, risiti zote zilikuwepo nyumbani kwenye mfuko wa rambo, lakini pale nilipokuwa nimesimama sikuwa na karatasi hata moja na nikaanza kubabaika. Yule mama hakusema kitu. Aliniangalia tu akatoa elfu tano yake akaingia ndani, na mpaka leo sijausahau ule uso. Toka mwaka huo hatujawahi kukabidhi kombe kabla ya kusoma hesabu: mwaka jana tulipata hivi, tulitumia hivi, watoto wangapi, baki ngapi, na leo mpaka saa hizi tumepata hivi. Dakika nne, kwa spika, watu wote wakiwa pale, na karatasi inabandikwa kwenye mti. Jina la marehemu ni amana, mdogo wangu, hawezi kujitetea mwenyewe, anatetewa na karatasi zenu.

Kwa hiyo hata hii hasara isomeni. Msiifiche. Ila kabla ya hapo nyie wanafamilia mrudishe hiyo 250,000 kimya kimya, kidogo kidogo mpaka Juni, ili siku ya kusoma mseme tulikosea, tulipoteza, tumerudisha, masweta yamenunuliwa. Dada yenu akisikia hivyo mbele ya watu atapumua. Na wale walioahidi, watumieni mesej moja ya heshima, moja tu, alafu waacheni. Kuna aliyeahidi siku ana hela na siku ya kutoa mtoto wake yuko wodini, huwezi jua.

SWALI: Hela zote za mfuko wetu zinaingia kwenye laini ya shemeji, ni mtu mwaminifu na hatuna shida naye kabisa, ila baadhi ya watu kwenye grupu wameanza maneno. Tumtetee vipi? – Msomaji, Temeke

JIBU: Mtetezi mzuri ni kumtoa hapo. Sisemi kwamba shemeji ni mwizi, ila shemeji ni binadamu, anaweza kupoteza simu, anaweza kuugua, na Mungu apishe mbali akitangulia hizo hela zitahesabiwa ni za kwake na ndugu zake wana haki ya kuuliza, hapo mfuko umeisha na undugu umeisha. Alafu mtu akituma hela akaona linatokea jina la mtu binafsi anasita, na ana haki ya kusita.

Kama bado hamjasajiliwa, kuna akaunti za vikundi za kwenye simu kama M-Koba, viongozi ndo wanaidhinisha hela itoke na wanachama wanaona kinachoendelea, ni nzuri kwa kuanzia. Lakini kama mnachangisha watu wa nje ya familia kila mwaka basi sajilini. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali Na. 24 ya 2002 inaruhusu shirika lisajiliwe hata kwa ngazi ya wilaya tu, sio lazima muwe wa taifa zima, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atawaelekeza katiba iandikweje na viongozi wangapi. Jueni tu kwamba ukishasajiliwa kuna taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na hilo mimi silioni kama mzigo, litawanyamazisha hao wa kwenye grupu kuliko maneno yoyote. Mkishapata akaunti ya benki wekeni watu watatu wa kusaini, hela itoke wawili kati yao wakisaini, na walau mmoja asiwe ndugu. Kwenye hilo la asiye ndugu msilegeze.

SWALI: Niko Muscat, nataka kuwachangisha Waswahili wenzangu hapa na majirani Waomani kwa ajili ya kisima cha kumkumbuka bibi yetu Pemba, niweke bango kwenye duka la rafiki yangu, inafaa? – Mjukuu

JIBU: Bango hapana mwanangu, usibandike. Oman kuchangisha hela kwa umma bila kibali cha serikali ni kosa, na nia yako nzuri haitakusaidia ukiulizwa. Mkikaa nyinyi wajukuu na watoto wa bibi mkachanga wenyewe kutoka mifukoni mwenu na kutuma kwa ndugu Pemba, hiyo ni ya familia, ila ukishawafungulia watu wa nje na majirani hapo tafuta kwanza jumuiya yenye kibali ipitie kwao. Kisima ni sadaka inayoendelea, kisianze na kesi.

SWALI: Tunaandaa bonanza la kumbukumbu ya rafiki yetu aliyefariki kwa ajali ya bodaboda, hela tutanunua helmeti za madereva wa kijiwe chake. Bango tumeshachapisha lina picha yake kubwa, sasa mama yake kasema hataki kuiona ile picha uwanjani. Bango limegharimu 80,000. Tumbembeleze? – Vijana wa kijiwe, Kigoma

JIBU: Msimbembeleze. Bango likunjwe leo leo, na hiyo 80,000 msiitaje mbele yake hata kwa bahati mbaya. Nyie mmempoteza rafiki na najua inauma, ila yeye kila asubuhi anaamka kwenye nyumba ambayo kuna kitanda hakilaliwi. Ile picha nyie mnaiona kama heshima, yeye labda anaiona ndo ile ile iliyokuwa juu ya jeneza.

Nendeni nyumbani kwake wawili au watatu, msiende kundi zima, mkae, muongee habari nyingine kwanza, alafu mmuulize yeye angependa nini. Wengine watasema jina tu litoshe. Wengine watasema pigeni dua au sala kabla mpira haujaanza, mwingine atataka mdogo wake marehemu ndo apige mpira wa kwanza. Na akisema hataki chochote chenye jina basi nunueni helmeti bila jina, vichwa vitakavyolindwa ni vile vile. Helmeti zenyewe mkinunua angalieni ziwe na mkanda wa kufunga kidevuni unaoshika kweli, na mnunue na ya abiria, sio ya dereva peke yake.

Akikubali kuja siku hiyo mwekeeni kiti kivulini, mbali kidogo na spika, na bodaboda moja ikae tayari na dereva mtulivu, ili akitaka kuondoka kabla ya fainali arudishwe nyumbani bila kuulizwa kwa nini.