Mwache tandala na nyuma yake

Msomaji mmoja wa Iringa ameuliza: amempiga picha tandala dume karibu na Msembe, Hifadhi ya Ruaha, lakini nyuma kuna Land Cruiser ya watalii. Akiifuta na kuweka machweo na mbuyu, atakuwa amedanganya?

Akiitoa kama picha ya wanyamapori, ndiyo. Akiandika wazi chini yake kwamba ni picha ya kuunganisha, hapana.

Kilicho nyuma ya mnyama ni ushahidi wa mahali na majira. Kipunji, tumbili aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005, ni wa misitu ya Rungwe, Livingstone na Ndundulu tu. Ukimbandika kwenye mibuyu umemfundisha mtoto uongo. Huko Sweden, mpiga picha za wanyamapori Terje Hellesø aliumbuka mwaka 2011 kwa kubandika linksi, paka-mwitu wa nchi za baridi, kwenye picha zake. Mmoja alikuwa na manyoya ya baridi, ilhali picha ilidaiwa kuwa ya majira ya joto.

Na uongo huu huwa haujifichi vizuri. Tandala aliyepigwa saa sita ana kivuli chini ya tumbo. Machweo yakiwa nyuma yake yanataka kivuli kirefu kinachomjia mpiga picha. Programu inayokata mnyama hula nywele za shingo na kuacha mstari mweupe kwenye pembe. Chengachenga za ISO 1600, yaani kamera iliyoongezewa usikivu wa mwanga, zinabaki mwilini, nyuma kukiwa laini kama sabuni. Kurekebisha mwanga na rangi, kukata kingo na kufuta madoa ya vumbi lililo kwenye kihisi cha kamera ni halali. Kuongeza au kuondoa gari, tawi au mnyama si halali, na mashindano makubwa hudai faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili yahakiki.

Dawa iko porini, kabla ya kubonyeza. Chukua lenzi ya milimita 400, tandala akiwa mita 20 na Land Cruiser mita 60 kutoka kwako. Mwambie dereva wako asogee mita 3 pembeni, bila kutoka barabarani: mita 40 zilizo nyuma ya tandala ni mara mbili ya 20, hivyo kilicho nyuma yake kitahama mita 6, na gari lenye urefu wa mita 5 hivi litatoka kwenye fremu. Hesabu hii wengi hawaijui, ndiyo maana wanakimbilia kompyuta. Tumia tundu la lenzi la f/5.6, ukilifunga hadi f/16 vichaka vinaanza kusomeka. Zima injini, maana mtetemo wake unaweza kuharibu picha hata kwa kasi ya 1/800 ya sekunde. Weka mfuko wa maharage kilo 2 dirishani, ulalie lenzi.

Kwa picha uliyonayo tayari, ndugu yangu, kata kingo zibaki kichwa na pembe. Ukitaka kuichapa A4 kwa nukta 200 kwa inchi, upande mrefu ubaki na takriban pikseli 2,340. Zikipungua, iache na gari lake.