Jibu: Mashua ya tarehe 26 Desemba Banda Aceh? Usilipe hata senti

Mdogo wangu wa Shangani, hiyo mashua usiilipie. Umeandika kwamba utahudhuria kumbukumbu ya tsunami Banda Aceh, kule Indonesia, na kwamba alfajiri ya tarehe 26 Desemba utakodi mashua ya wavuvi ili upige picha za pwani ukiwa majini, kisha mchana uingie makumbusho. Umeuliza na habari za hoteli na mavazi, ila mimi nimekwama kwenye mashua.

Siku hiyo wavuvi wa Aceh hawaendi baharini. Panglima Laot, yaani wakuu wa bahari wa kimila ambao ndio wenye kauli juu ya uvuvi wa huko, wamepiga marufuku kwenda baharini siku hiyo kwa heshima ya waliochukuliwa na maji mwaka 2004, na anayekaidi hukumbana na adhabu. Jambo hilo hata mtoto wa Ulee Lheue, mtaa wa pwani wa Banda Aceh, analijua, lakini wakala aliyenipangia safari alipokea fedha zote mapema na kunihakikishia kwamba nahodha angenisubiri baada ya swala ya alfajiri. Nilizikuta mashua zimefungwa kamba safu kwa safu, injini zimefunikwa maturubai, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Chekeni mkitaka: mtu wa Mikindani nimefika pwani nikakosa hata mtumbwi! Nilipompigia simu, wakala alinijibu kwamba nilipaswa kujua mwenyewe. Sasa ile kamisheni yake alilipwa kwa kujua nini?

Fedha nilizimeza. Kinachoniuma ni asubuhi ile, kwani tetemeko lilipiga muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, na ni asubuhi watu wanapokusanyika kwenye makaburi ya halaiki ya Ulee Lheue na Siron. Nilifika Siron wengi wakikunja mikeka. Pale ni uwanja wa majani ambamo makumi ya maelfu wamelazwa pamoja bila majina, kwa hiyo mama mmoja alikuwa amejichagulia tu mahali, anamsomea Yasini mwanawe bila kujua amelala upande gani. Aliyezoea hitima za kwetu hahitaji mkalimani hapo; anaketi na kuitikia amina.

Asubuhi ya tarehe 26 iache iwe ya makaburini peke yake. Makumbusho utayaona siku nyingine, na PLTD Apung, ile meli ya kuzalisha umeme iliyobebwa na maji hadi katikati ya makazi ya watu, haiondoki tena. Kama umekwisha kutoa malipo ya awali, yadai leo hii, na wakikuambia watakuhamishia safari iwe ya mchana usikubali, maana marufuku ni ya siku nzima.