Maswali ya Wasomaji: Je, nawasaliti wajomba zangu kwa kubaki Mkatoliki?

Tumsifu Yesu Kristo, Bibi. Mimi ni mwalimu wa kwaya Mwanza. Baba ni Msukuma, mama ni Mnyarwanda aliyeolewa huku. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, kaka zake wanne walikimbilia kanisani, parokiani kwao, wakauawa humo humo. Mama hajawahi kueleza zaidi ya hapo, ila kila asubuhi yuko misani. Mwaka huu binti yangu anapokea komunyo ya kwanza. Mwenzangu kazini aliniuliza, "Unawaimbia nani, hao waliowafungia wajomba zako mlango?" Tangu hapo kila nikikaa kwenye kinanda swali hilo linarudi. Je, kubaki kwangu ni kuwasaliti?

Milele amina, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nimekuwa katekista hapa Arusha miaka mingi, na swali lako nimetembea nalo tangu tarehe 13 Desemba 2006.

Siku hiyo nilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha, nikakaa sehemu ya wananchi nyuma ya kioo, nimevaa hedifoni. Aliyesomewa hukumu alikuwa Athanase Seromba, padri wa parokia ya Nyange, Rwanda. Tarehe 16 Aprili 1994 kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga, na ndani yake walikuwamo Watutsi wasiopungua 1,500. Baadaye padri huyo akahamia Italia, akawa anaadhimisha misa karibu na Florence kwa jina jingine. Alipewa miaka 15. Machi 2008 majaji wa rufaa waliifanya kifungo cha maisha. Waliridhika kwamba alimwelekeza dereva upande wa kanisa uliokuwa dhaifu. Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Ukuta mbovu wa kanisa anaujua nani kama si padri anayekaa pale, anayeutazama kila masika na kuwaomba waamini mchango wa kuukarabati?

Jioni ya hukumu ile ya kwanza nilikwenda misani. Wakati wa komunyo miguu ilikataa kunyanyuka. Nilikaa benchi la nyuma bila kupokea hadi Pasaka.

Wenzangu walinifariji kwa maneno ambayo na wewe utaambiwa: waliokosa ni watu, Kanisa halikosi. Usiyapokee. Askofu mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama kilichotawala Rwanda kabla ya mauaji hayo. Huo ulikuwa uongozi wa Kanisa uliokaa meza moja na serikali, ukazoea. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya Wakristo, lakini wakasema Kanisa halikumtuma mtu kutenda maovu. Machi 2017 Papa Fransisko, akiwa na Rais Kagame Vatikani, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za waamini wake. Kanisa, na waamini wake. Neno hilo nililisubiri miaka kumi.

Utatajiwa pia Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu aliyewaficha Watutsi. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Akamjibu kwa barua kwamba afadhali afe kuliko kuwaacha watu 43 waliokuwa mikononi mwake. Aliuawa tarehe 21 Aprili. Nampenda dada huyu mno, na ndiyo maana nakasirika anapotumiwa kufunika Nyange. Alisali misa ile ile aliyoisali Seromba, alifundishwa amri zile zile. Kila nikimkumbuka, kisingizio cha kwamba watu hawakujua kinaanguka.

Sasa, kwa nini nimebaki? Mwanangu, waliokimbilia kanisani walikuwa wamekimbilia kwao. Walibatizwa humo, walifungia ndoa humo, jina la kila mmoja liliandikwa kwenye kitabu cha parokia. Mwambie mwenzako kwamba waliofungiwa mlango nao walikuwa na kwaya. Siwezi kukubali kwamba kwa sababu wauaji waliingia na mapanga basi nyumba imekuwa yao. Nikiimba Mwanakondoo, najiona naimba na wale waliokuwa ndani.

Hilo ni langu, wala silifanyi sheria. Wanyarwanda wengi waliliacha Kanisa baada ya 1994, wengine wakasilimu, na simlaumu hata mmoja. Wala usibaki kwa kumfuata mama yako tu. Anachokifanya pale kila asubuhi ni kati yake na Mungu, na huenda ni ugomvi mtupu.

Ila ukibaki, usibaki kimya. Binti yako bado mdogo kwa habari za tingatinga, lakini majina ya babu zake anayaweza. Siku mama ametulia, labda mnachambua mchele, muulize majina tu. Akinyamaza, muache, urudi siku nyingine. Akikutajia, yaandike yote manne, ulipie nia ya misa tarehe 7 Aprili, siku ya kuwakumbuka waliouawa, na uombe yasomwe moja moja, yasipitishwe kama "marehemu wote". Paroko akisita, niandikie tena. Jumuiya yetu hukutana Jumamosi alfajiri, nyumbani kwangu kuna viti vya kutosha, na majina hayo tutayasoma sisi.