Kompyuta mbili kuukuu, mbio moja: ya kujua kabla hujafungua gemu

Wageni wengi wa kazi hii, ya kuunganisha kompyuta mbili kuukuu ili watu wawili washindane kwenye gemu ya mbio za magari, huanzia mwisho. Wanaweka gemu kwenye kompyuta zote mbili, wanachomeka waya wowote uliokuwa karibu, wanaingia kwenye menyu ya wachezaji wawili, halafu wanakaa kuitazama ikitafuta mwenzake bila kumpata. Hapo lawama zote huiangukia gemu, ambayo mara nyingi haina kosa lolote. Kama una haraka na unataka neno moja tu kutoka kwangu, chukua hili: usiiguse gemu mpaka kompyuta zenyewe ziwe zimeshasikilizana.

Anza kwa kuzigeuza mashine uone mgongoni kuna nini. Ukikuta tundu la RJ45, linalofanana na la waya wa simu ya mezani ila pana zaidi, kuna kadi ya mtandao na kazi imekuwa nyepesi. Usipolikuta, tafuta kiunganishi chenye pini tisa zilizochomoza, umbo lake kama herufi D. Hiyo ni poti ya siriali, Windows huiita COM1 au COM2, na kompyuta nyingi za miaka ya 1990 zinayo. Lile tundu refu lenye vishimo 25 liachie printa. Kuna pia kadi za zamani zenye kiunganishi cha mviringo cha waya wa koaksi. Hizo nazo zinafanya kazi, lakini ukisahau kizuizi cha ohmu 50 hata upande mmoja tu, mtandao mzima hauendi.

Tuseme una siriali tu. Kebo unayoihitaji ni ile inayoitwa null modem. Kebo ya kawaida ya modemu inaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwani ndani yake nyaya zimenyooka: pini ya kutuma ya huku inakutana na pini ya kutuma ya kule, kila mmoja anasema na hakuna anayesikia. Null modem huzivusha. Pini ya 2 inakwenda kwenye ya 3, ya 3 inakwenda kwenye ya 2, na ya 5, ambayo ni ya ardhi, inabaki na mwenzake. Gemu nyingi zinataka pia ya 7 na ya 8 zivushwe, na ya 4 ifike kwenye ya 6 na ya 1 za upande wa pili. Kebo yenye nyaya tatu tu inaweza kupita kwenye jaribio la maandishi kisha ikagoma kwenye gemu, kwa hiyo ukitengeneza mwenyewe usifanye ubahili wa nyaya. Urefu usizidi mita 15.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Windows 95 hadi XP zinakuja na programu ya HyperTerminal, ya kutumiana maandishi kupitia poti. Ifungue pande zote mbili, chagua poti ya COM uliyochomekea, weka kasi moja huku na huku, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Andika chochote upande mmoja kisha tazama skrini ya pili. Herufi zikitokea kama ulivyoziandika, umevuka. Zikitokea takataka, alama za ajabu ambazo hukuziandika, kasi hazilingani. Isipotokea hata herufi moja, ama kebo haijavushwa ama umechagua poti siyo. Angalia pia panya: kama ni wa siriali na amekaa COM1, usiipe gemu COM3, maana kwa kawaida hizo mbili zinagawana IRQ 4 (njia ya kifaa kuiita prosesa) na zitagombana. COM2 inatumia IRQ 3, ndiyo salama yako.

Kuhusu kasi, weka juu kadiri poti inavyokubali. Nitakupigia hesabu uone sababu. Kila baiti kwenye siriali inabeba biti 10, ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia. Tuseme gemu inatuma pakiti ya baiti 30 yenye usukani, mafuta na breki. Kwa kasi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, pakiti hiyo inachukua milisekunde 31 kufika. Kwa 115200 haizidi 3. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa linakata zaidi ya mita moja na nusu ndani ya hizo milisekunde 31. Kwenye kona hiyo ndiyo tofauti ya kumpita mtu na kumgonga. Ila ujue chipu za poti za zamani sana zinahifadhi baiti moja tu kwa wakati, na prosesa ikiwa na shughuli nyingi baiti hupotea. Chipu ya 16550A ina nafasi ya baiti 16 na inastahimili. Kama mashine yako ni ya zamani kiasi hicho na mawasiliano yanakatika katikati ya mbio, shuka hadi 57600 au 38400, itatulia.

Wenye kadi za mtandao mna raha zaidi, lakini msirukie waya wa kwanza. Kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja bila swichi (kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao) kunahitaji kebo ya kuvusha. Shika ncha zote mbili pamoja, klipu zikiwa chini, usome rangi kutoka kushoto kupitia ile plastiki angavu. Upande mmoja usome nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili chungwa na kijani ziwe zimebadilishana nafasi. Ncha zote zikifanana, hiyo ni kebo ya swichi. Kadi za miaka ya karibuni hujirekebisha zenyewe zikipewa yoyote. Za miaka ya 1990 hazijui mambo hayo. Ukiwa na swichi ndogo imelala kabatini, itumie kwa kebo za kawaida na usahau aya hii.

Taa ya kadi ikiwaka pande zote mbili, toa anwani kwa mkono. Moja iwe 192.168.0.1, nyingine 192.168.0.2, na kinyago cha mtandao 255.255.255.0 kwa zote. Sehemu za geti na DNS ziache tupu. Kwenye Windows 98 hakikisha unaandika kwenye TCP/IP (itifaki, yaani lugha ya mtandao, inayotumia anwani hizi) ya kadi yenyewe, siyo ile ya modemu ya simu iliyo juu yake kwenye orodha, kisha uwashe upya kompyuta. Usipotoa anwani, Windows itajipachika yenyewe ya 169.254 baada ya kusubiri weee, na huenda ikafanya kazi, lakini mimi sipendi kuachia bahati kitu kinachochukua dakika moja.

Sasa, kwenye kompyuta ya 192.168.0.1, fungua dirisha la amri, andika ping 192.168.0.2, amri ya kuuliza kama mwenzake yupo. Majibu yakirudi upesi, umefika. Yasiporudi na taa inawaka, mshuku ukuta wa moto (firewall), programu inayozuia mawasiliano kutoka nje. Windows XP tangu kifurushi chake cha pili cha mwaka 2004 inauwasha yenyewe, tena inauwasha kimya kimya. Kwa kuwa mashine hizi mbili hazina haja ya intaneti wakati wa kucheza, chomoa intaneti kwanza, ndipo uuzime. Ukirudisha intaneti, uwashe kwanza.

Gemu yako inaweza kuwa haitaki TCP/IP kabisa. Gemu nyingi za DOS na za mwanzo wa Windows zinaongea IPX, itifaki nyingine ya zamani, na kwa hizo ping iliyofaulu haikusaidii zaidi ya kuthibitisha waya. Kwenye Windows 98 na XP unaongeza itifaki hiyo kwenye sifa za mtandao. Vista na zilizofuata zimeiondoa. Ukishaiongeza tafuta mahali pa aina ya fremu, yaani namna data inavyofungashwa. Imewekwa ijichagulie, na ndiyo maana mashine moja hushika 802.2 na nyingine 802.3, zikaishi waya mmoja kama majirani walionuniana. Chagua mwenyewe, moja kwa zote mbili. Kama gemu ni ya DOS na unaichezea ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, mambo ni mepesi zaidi: weka ipx=true kwenye faili la mipangilio, kwenye kompyuta ya 192.168.0.1 andika ipxnet startserver, upande wa pili ipxnet connect 192.168.0.1. DOSBox inaifunga IPX ndani ya mtandao wa kawaida na gemu haijui lolote.

Gemu zenyewe hazilingani kwa ukarimu. Need for Speed III ya mwaka 1998 inakupa uchague kati ya siriali, modemu, IPX na TCP/IP. Grand Prix 2 ya 1996 inaunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya siriali. Soma kijitabu au faili la readme kabla ya kununua kebo, siyo baada ya kununua.

Halafu kuna kufanana. Gemu nyingi za wakati ule hazitumi picha ya mbio. Zinatuma ulichobonyeza tu, na kila kompyuta inajipigia hesabu za mbio zote. Hesabu zikitofautiana kidogo, wewe unajiona wa kwanza na mwenzako naye anajiona wa kwanza. Kwa hiyo toleo liwe moja, viraka (faili za kurekebisha gemu) viwe vilevile, na magari ya kuongeza ama yawepo kote ama yaondolewe kote. Njia ya uvivu ambayo mimi naipenda: futa gemu pande zote, weka upya kutoka diski ileile, kisha kiraka kilekile. Kumbuka kwamba gemu nyingi zinataka diski ndani ya kila mashine wakati wa kucheza.

Gemu za namna hiyo husubiriana pia kila hatua, hivyo kompyuta dhaifu ndiyo inayoweka mwendo. Ukiona mbio zinakwamakwama kwenye mashine yako nzuri, nenda kwa ile nyingine, upunguze ubora wa picha, vivuli, moshi na vioo vya pembeni huko, siyo kwako. Zima na kiokoa skrini kwenye zote mbili, maana mwenzako akichukua muda mrefu kuchagua rangi ya gari, kinaweza kuwaka kwako na kuitoa gemu kwenye mbio kabla hazijaanza.