Kubadilisha maji ya tangi la samaki bila ndoo: anza na kile kitakachoharibika

Kilichoniamsha usiku ule ni sauti ya chujio. Siku zote halisikiki, lakini usiku huo lilikuwa likikoroma kama mtu anayevuta tone la mwisho la soda kwa mrija. Nikawasha taa. Tangi la lita 200 lilikuwa limebaki na maji ya kina cha kiganja. Samaki walikuwa wamejikusanya kona moja, wengine wamelala ubavu kwa sababu maji hayakutosha kuwafunika mgongo, wakipapasa kwa pezi moja tu. Hita ilikuwa juu ya maji, na bado inawaka.

Pampu ya kutolea maji haikuwa na kosa. Ilijiwasha saa nane usiku kama nilivyoipangia na ikajizima baada ya dakika tano. Kosa lilikuwa kwenye mpira. Ncha yake nilikuwa nimeilaza kwenye sakafu ya bafu, chini kabisa kuliko tangi, na mpira ukishajaa maji hauihitaji pampu tena. Maji yaliendelea kujivuta yenyewe, yaani saifoni, mpaka yakashuka usawa wa mdomo wa pampu. Samaki wanne walikufa, na wote walikuwa wakubwa niliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue pampu gani au taima gani, namrudisha nyuma kidogo. Chukua karatasi, andika kila kifaa utakachotumia, na mbele ya kila kimoja jibu maswali matatu: kikikwama kikiwa kimewashwa itakuwaje? Kikikwama kikiwa kimezimwa? Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Kama jibu lolote ni samaki kufa au maji kujaa chumbani, badilisha mpango kabla hujanunua hata skrubu. Mfumo wangu wa kwanza ungeanguka mtihani huo kwenye mstari wa pili.

Kwa nini ujisumbue hivyo wakati ndoo zipo? Kwa sababu ya nitrati na kwa sababu ya uchovu. Samaki hutoa amonia, bakteria walioko kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kwenye matangi mengi nitrati haina njia nyingine ya maana ya kutoka isipokuwa kubadilisha maji. Tuseme samaki wako huongeza miligramu 20 za nitrati kwa kila lita kwa wiki. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, kiwango kitazoea kupanda hadi 40 kabla ya kazi na kushuka hadi 20 baada ya kazi. Sasa umechoka, umeruka mara mbili. Unakuta 80, unatoa nusu kwa hofu, na ndani ya nusu saa samaki wanahamishwa kutoka maji ya namna moja kwenda maji ya namna nyingine. Kurukaruka huko ndiko kulikokuwa kukiniumizia samaki, na mwenye kurukaruka nilikuwa mimi.

Maji yanayoingia kidogo kidogo huondoa kupanda na kushuka. Ila kuna hesabu moja ambayo wengi hawaielewi, nami sikuielewa mwanzoni. Maji mapya yakiingia polepole huku ya zamani yakifurika kutoka, sehemu ya yale yanayotoka ni mapya uliyoyaingiza jana. Kwa hiyo lita 100 zikiingia taratibu kwa wiki kwenye tangi la lita 200 haziondoi nusu ya maji ya zamani. Huondoa karibu asilimia 39. Ili uondoe nusu kweli, unahitaji kama lita 140, yaani lita 20 kwa siku. Kwa tangi la mfano wangu, lita 20 za kila siku zitaituliza nitrati kwenye miligramu 29 hivi, na itakaa hapo hapo, Jumatatu hadi Jumapili. Unatumia maji zaidi kidogo, unapata utulivu. Mimi naona ni biashara nzuri, hasa kwa kuwa maji yanayotoka, kama ni ya tangi la maji baridi yasiyotiwa chumvi wala dawa, mimea ya bustani huyapenda mno.

Mfumo ninaoutumia sasa hauna pampu ya kutolea maji kabisa. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Maji hutoka kwa kufurika kupitia tundu lililotobolewa kwenye kioo cha nyuma, karibu na juu. Tundu haliwezi kukwama likiwa limewashwa, halijui umeme, na maji yakishafika usawa wake hayatoki tena hata tone. Hata mpira wote wa nje ukichomoka, tangi litabaki limejaa.

Kutoboa kioo kunatisha kuliko kulivyo kugumu. Tangi liwe tupu. Tumia kipekecho cha almasi cha duara, mashine izunguke polepole, mwaga maji hapo hapo muda wote, na usikandamize, acha uzito wa mashine ufanye kazi. Dakika za mwisho ndizo za hatari, kwa hiyo bandika utepe upande wa pili na ulegeze mkono zaidi. Weka tundu mbali na ukingo wa kioo, walau kwa upana wa tundu lenyewe. Lakini kwanza hakikisha kioo hicho si kile kilichoimarishwa kwa joto, ambacho hupasuka chote vipande vidogo kama punje za chumvi. Hicho hakitoboleki kwa namna yoyote. Njia ya kukitambua ni kuweka skrini ya kompyuta inayowaka upande mmoja na kukitazama kutoka upande wa pili ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaroidi. Ukiona mabaka au michirizi ya giza ndani ya kioo, acha. Kioo cha chini cha matangi ya dukani mara nyingi ni cha aina hiyo, za pembeni mara nyingi si hivyo, ila pima usikisie.

Kwenye tundu nimefunga kiungio cha tangi, kile chenye nati na washa ya mpira, na bomba la milimita 32. Maji yanayopita ni kidogo sana kwa bomba nene hivyo, na fundi aliniambia napoteza pesa. Sikumsikiliza. Bomba jembamba huzibwa na jani moja. Mdomoni nimeweka kofia yenye matundu mengi, na kila wiki naipitishia kidole kwa sababu konokono hupenda kukaa pale.

Sasa upande wa kuingia. Wako wanaounganisha tangi moja kwa moja na bomba la nyumba kupitia vali ya umeme, na hufanya kazi vizuri kwa miaka. Ukitaka njia hiyo, nunua vali ambayo hujifunga yenyewe umeme ukikatika, na weka ya pili nyuma yake, maana punje ya mchanga ikinasa kwenye ya kwanza haitafunga tena. Mimi siitaki. Bomba la nyumba halina mwisho, na kitu kisicho na mwisho sikiachi peke yake chumbani usiku. Nimeweka pipa la lita 60 chini ya meza ya tangi. Nalijaza mwenyewe kila siku ya tatu kwa kufungua koki nikiwa nimesimama pale pale. Ndani yake kuna pampu ndogo ya kuzama, na taima huiwasha kwa muda wa saa mbili kila alasiri. Baya kuliko yote likitokea, kiasi kitakachomwagika hakizidi lita 60, na kwa kuwa maji ya tangi langu yanaishia sentimita tatu chini ya ukingo, lita 12 za kwanza zingebaki humo humo tangini.

Kasi nimeipima kwa chombo cha lita moja na saa ya mkononi. Nilibana koki ndogo ya mpira hadi chombo kikajaa kwa dakika sita, yaani lita 10 kwa saa, basi saa mbili zinatoa lita 20. Rudia kipimo hicho kila mwezi, maana mpira huota ute ndani na kasi hupungua. Kuingiza taratibu kunasaidia pia joto. Lita 20 za nyuzi 18 kwenye tangi la nyuzi 26 zingelishusha kwa chini ya nyuzi moja hata zikiingia zote kwa mkupuo, na kwa saa mbili hita hulipa deni hilo bila samaki kuhisi.

Ncha ya mpira wa kuingizia ining'inie juu ya maji, isizame. Nimeacha nafasi ya vidole viwili. Ikizama, pampu ikizimika maji ya tangi yatarudi pipani kwa saifoni ile ile iliyoniamsha usiku. Pia pipa likae chini kuliko tangi. Likiwa juu, ni maji ya pipa yatakayojivuta yenyewe kuingia.

Mlinzi wa mwisho ni swichi ya boya iliyofungwa sentimita moja juu ya usawa wa kawaida. Maji yakipanda kwa sababu tundu limeziba, boya linanyanyuka na kukata umeme wa pampu. Nimelizungushia kipande cha bomba lenye matundu, kwa sababu konokono mmoja mzito anatosha kulizuia lisipande. Waya zote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone linalotiririka kwenye waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Na tafadhali, soketi hiyo iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Mkono wako utaingia kwenye maji yale kila wiki.

Klorini ndiyo sababu nyingine ya kulipenda pipa. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yatufikie yakiwa salama; Shirika la Afya Duniani linataka ibaki walau miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapoyapokea. Kinachoua vijidudu kwenye bomba huunguza matamvua ya samaki na huua bakteria wa chujio pia. Kwenye pipa natia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha lita 60, mara moja, na jiwe la hewa linatoa mapovu humo usiku mzima. Kama mamlaka yako ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, usitegemee kuyaacha maji yakae tu, kwa kuwa kloramini haipotei upesi kama klorini. Tafuta dawa iliyoandikwa wazi kuwa inaivunja na kuishika amonia inayobaki. Waliounganisha moja kwa moja hutumia chujio la mkaa, nalo huchoka kimyakimya. Pima klorini inayopita mara kwa mara kwa dawa ya matone inayogeuka rangi ya njano.

Kama tangi lako limekaa miezi bila kubadilishwa maji, usianze na lita 20. Maji ya zamani mara nyingi huwa yameshuka pH, yaani yamekuwa machachu zaidi, na katika pH ya chini sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Ukiipandisha pH ghafla, sehemu yenye sumu huongezeka kama mara kumi kwa kila hatua moja ya pH. Anza na lita 5 kwa siku, wiki mbili, ukipima amonia, ndipo uongeze.

Na siku ukitia dawa ya ugonjwa, zima taima. Nasisitiza hili kwa kuwa ni rahisi kusahau: mfumo utakuwa unaimwaga dawa kila siku na wewe utadhani haifanyi kazi. Mbolea ya mimea ya majini hupungua vivyo hivyo, ila hiyo unaiongeza tu. Uchafu wa chini hauguswi kabisa. Bado navuta kinyesi kwenye changarawe kila wiki mbili, na sponji ya chujio naiosha kwenye maji ya tangi lenyewe.

Kabla hujauamini, uharibu mwenyewe. Jumamosi moja nzima niliziba tundu kwa kitambaa na kusubiri boya likate. Nikachomoa umeme pampu ikiwa katikati ya kazi na kutazama mpira kwa dakika kumi. Nikabonyeza boya lisipande na kuiacha pampu imalize pipa, huku taulo zimetandazwa sakafuni. Mara ya kwanza boya halikukata, kwa sababu nililifunga juu chini. Nilifurahi kuligundua mchana.

Kwenye mfuniko wa pipa nimebandika karatasi kwa ajili ya watu wa nyumbani. Ina mistari mitatu kwa herufi kubwa: ukisikia maji yakidondoka mahali pasipo pake, chomoa plagi yenye utepe mwekundu. Usiguse kitu kingine. Nipigie, hata kama ni usiku.